Farasi wa Jarir: Mnunuzi Naye Ataulizwa

Ndugu msomaji, leo nataka kupigana na neno moja. Neno hili limekaa vinywani mwetu kwa muda mrefu hata watu wanalisema kama kwamba ni hadithi sahihi. Neno lenyewe ni hili: "Sokoni kila mtu na macho yake."

Muuzaji akishampa mtu punda mwenye kidonda kilichofichwa chini ya matandiko, na maskini yule akarudi kesho yake analalamika, huambiwa: Sokoni kila mtu na macho yake. Na mnunuzi akishamkuta mchungaji aliyetoka mbali, asiyejua bei ya mjini, akampunja nusu ya haki yake, watu wakimlaumu naye hujibu: Sokoni kila mtu na macho yake. Basi neno hili limekuwa kama msumeno, unakata ukienda na unakata ukirudi. Muuzaji humkata mnunuzi nalo, na mnunuzi humkata muuzaji nalo, kisha adhana ikilia wote wawili husimama safu moja wakapiga takbira!

Mimi nasema neno hili ni la uwongo, na halina mahali katika dini yetu. Na ushahidi wangu nitautoa katika soko la farasi.

KWA NINI FARASI?

Huenda msomaji akasema: Sheikh, sisi huku pwani farasi twamwona wapi? Ni kweli. Farasi hakushamiri katika nchi zetu, kwani mbung'o na wadudu wengine wamletea maradhi yanayomuua upesi. Sisi mnyama wetu ni punda. Nenda Lamu ukamwone anavyobeba mawe, mchanga na maji katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl amewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, katika aya moja, kuwa ni vipando na pambo kwa wanadamu. Na wanavyuoni wa fiqhi wamewatia wote katika jina moja la mnyama wa kupandwa. Hukumu ya farasi ndiyo hukumu ya punda wako, na katika mambo mengi ndiyo hukumu ya ng'ombe na mbuzi wako.

Nimemchagua farasi kwa sababu nyingine pia. Farasi ndiye mnyama aliyekuwa na thamani kubwa mbele ya Waarabu. Mwenyezi Mungu amewaapia farasi waendao mbio katika Sura ya Al-Adiyat, na Bwana Mtume s.a.w. ametueleza kwamba kheri imefungwa katika nywele za mapaji yao mpaka Siku ya Kiyama. Katika karne za kati majahazi yalikuwa yakipakia farasi kutoka Bara Arabu na Ghuba kwenda kuwauzia wafalme wa India. Marco Polo, aliyesafiri huko katika karne ya 13, ameitaja biashara hiyo, na Aden ilikuwa moja katika bandari zake kubwa. Mpaka leo wenzetu walioko Oman na nchi za Ghuba wanajua kwamba farasi mmoja wa nasaba anaweza kugharimu zaidi ya nyumba. Na palipo na mali nyingi, ndipo shetani anapotandika mkeka wake. Kwa hivyo waliosalimika katika soko la farasi ndio wa kufuatwa.

MNYAMA HASEMI

Natuanze na muuzaji, kwani yeye ndiye aliyezoea kusemwa.

Nguo iliyotoboka waweza kuitandaza ukaiona. Mchele wenye mawe waweza kuuchota mkononi. Lakini mnyama, ndugu yangu, aibu yake imo ndani ya ngozi yake, na mwenyewe hana kinywa cha kukwambia. Anayeijua ni yule aliyelala naye zizini. Ndiyo sababu hila za wauzaji wa wanyama ni nyingi kuliko za wauzaji wengine. Umri wa farasi hutazamwa menoni, basi wako wanaoyachonga meno ili mzee aonekane kijana. Wako wanaopaka rangi penye mvi. Wako wanaompa dawa mnyama anayechechemea, akatembea vizuri kwa saa moja ya mnada, na usiku maumivu yakamrudia akiwa kwa mwenyewe mpya. Na wako wanaomwacha ng'ombe siku mbili bila ya kumkamua, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani amepata mto wa maziwa.

Hila hii ya mwisho si mpya. Bwana Mtume s.a.w. aliikataza zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Aliyeuziwa ngamia au mbuzi aliyefungiwa maziwa ana khiyari baada ya kumkamua: akitaka atamweka, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende.

Simama hapo kidogo, msomaji. Pishi ya tende ya nini? Mnunuzi ndiye aliyedanganywa, mbona naye atoe kitu? Atoe kwa sababu ameyanywa maziwa yaliyokuwamo kiweleni siku ya kununua, nayo yalikuwa ya yule muuzaji. Tazama uadilifu huu! Sheria inamrudishia haki aliyedhulumiwa, na papo hapo haimruhusu kula haki ya aliyemdhulumu. Je, katika hukumu hii utaliweka wapi lile neno la kila mtu na macho yake?

Sisi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na Minhaj ya Imam Nawawi imesomeshwa misikitini mwetu kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa kurudisha kilichouzwa kwa sababu ya aibu, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja miongoni mwa aibu hizo ukaidi wa mnyama asiyezuilika na tabia ya kuuma. Hakuishia kwenye upofu na ukilema. Hata tabia mbaya ya mnyama ni aibu ya kumrudishia. Na mnunuzi naye akapewa sharti lake: akiigundua aibu, arudishe mara moja. Asimtumie mnyama mwezi mzima, akambebesha mizigo na kupata faida yake, kisha ndiyo akumbuke kwamba anauma.

Wajanja wetu wana mlango wao wa kutokea. Husema: Mimi nilimwambia kabisa, nakuuzia kama alivyo, aibu zote si juu yangu. Haya, fungua Minhaj hiyo hiyo. Kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hili linamsalimisha muuzaji katika aibu moja tu: ile ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Ama ile unayoijua ukanyamaza, maneno yako ya "kama alivyo" hayakufai kitu. Unaijua, na Mola wako anajua kwamba unaijua.

Muhammad bin Sirin, yule tabii mashuhuri wa Basra, imepokewa kwamba aliuza kondoo akamweleza mnunuzi kuwa ana aibu: huyapindua majani yake kwa mguu. Kondoo kupindua majani! Sisi leo tunauza punda mwenye kifua kibovu na tunaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hajapata kukohoa.

NA ALIYESIMAMA KANDO

Huenda ukasema: Mimi si muuzaji wala si mnunuzi, nilikuwa napita tu. Sikiliza basi kisa cha Wathila bin Al-Asqaa, Sahaba wa Mtume s.a.w. Mtu mmoja alinunua ngamia jike, na alipokuwa anaondoka naye Wathila akamfuata mbio. Akamuuliza kama amenunua kwa nyama au kwa safari. Yule mtu akajibu kwamba anataka kusafiri naye kwenda Hija. Basi Wathila akamfahamisha kwamba wayo wa ngamia yule una tundu, hatafika. Mwenye ngamia akakasirika, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akamjibu kwamba amemsikia Mtume s.a.w. akisema kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilichomo, na si halali kwa anayejua ila aeleze.

Neno hilo la pili ndilo linalotuhusu sisi tunaokaa kwenye mabaraza ya sokoni tunakunywa kahawa. Tunamwona mgeni anauziwa mbuzi kwenye gunia, tunakonyezana, tunacheka. Jioni tunasimulia kama kichekesho. Ndugu yangu, kicheko kile kina hesabu.

SWALI LA MWANAFUNZI

Mpaka hapa naona wanunuzi wamestarehe, wanatikisa vichwa na kusema: Sheikh leo amewapata! Basi ngojeni. Zamu yenu imefika, nami nitaanza na nafsi yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, zikiwa zimesalia siku mbili kufika Idi ya kuchinja, nilikwenda soko la mifugo kutafuta mbuzi wa kurbani. Jua lilikuwa limeanza kupinda. Nikamkuta mzee mmoja wa bara amebakiwa na beberu mmoja, mzuri, mwekundu, hana aibu yoyote. Asubuhi mbuzi kama yule walikuwa wakiuzwa shilingi elfu sita. Dalali akaninong'oneza kwamba lori la kwao mzee litaondoka muda si mrefu, na kwamba nyumbani kaacha mgonjwa, kwa hivyo nisiwe na haraka, atashuka tu. Nami sikuwa na haraka. Nikamshika yule mbuzi mgongo, nikasema amekonda. Nikamtazama kwato, nikakunja uso. Nikaondoka hatua kumi, nikarudi. Mzee akatazama upande wa malori, kisha akaniachia kwa elfu tatu na mia tano. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia mama watoto: Leo Mwenyezi Mungu ametufungulia.

Baada ya Idi tukarudi katika darsa. Tukawa tunasoma habari za Masahaba, na zamu ilikuwa ya Jarir bin Abdillah Al-Bajali r.a. Imepokewa na Tabarani kwamba Jarir alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi. Mtumishi akapatana na mwenye farasi kwa dirham 300, akamleta mwenyewe na farasi wake ili alipwe. Jarir alipomtazama yule farasi akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ni bora kuliko dirham 300, je, atamuuza kwa 400? Yule mtu akakubali. Jarir akasema ni bora kuliko hivyo, akapandisha tena, na tena, mia kwa mia, mpaka akamnunua kwa dirham 800. Watu walipomuuliza, akawajibu kwamba alimpa Mtume s.a.w. ahadi ya kumtakia wema kila Mwislamu. Na ahadi yake hiyo imo katika Bukhari na Muslim, imetajwa pamoja na Sala na Zaka.

Nilipomaliza kueleza, kijana mmoja mdogo, hajafikia hata kubaleghe, akanyoosha mkono. Akauliza: "Maalim, huyu Jarir alikuwa muuzaji au mnunuzi?"

Nikamjibu: "Mnunuzi."

Akasema: "Basi hakuna aliyemlazimisha."

Kijana hakukusudia kitu. Lakini mimi, niliyetoa mawaidha misikitini miaka na miaka juu ya ghishi ya wauzaji, nilihisi ulimi umenikauka. Sikupata hata siku moja kutoa mawaidha juu ya ghishi ya wanunuzi. Na beberu wa mzee yule bado nyama yake ilikuwamo chunguni mwangu.

Nilirudi sokoni siku ya mnada iliyofuata, na iliyofuata tena, nimeziweka shilingi elfu mbili na mia tano katika mfuko wa shati. Dalali hakumjua jina wala kwao. Sikumpata. Pesa nikazitoa sadaka kwa niaba yake, lakini sadaka si uso wa mtu. Siku tutakapokutana, tutakutana mbele ya Yule asiyehitaji dalali.

WASEMAO "SHERIA IMENIRUHUSU"

Najua yatakayosemwa. Watu wa elimu watasema: Sheikh, mtu mzima mwenye akili yake akiuza mali yake kwa ridhaa yake, hata kwa bei ndogo, bei hiyo imesihi. Naam, imesihi. Katika madhehebu yetu kupunjika peke yake hakumpi muuzaji haki ya kuivunja bei. Sikatai. Lakini kusihi kwa mkataba ni jambo moja, na kusalimika na dhambi ni jambo jingine. Sala ya mwenye kujionyesha inaweza kutimia nguzo zake zote, na yeye akatoka msikitini na mzigo badala ya thawabu.

Tena tazameni vizuri tunayoyafanya, je, yote yameruhusiwa?

Tunamkuta mchungaji njiani kabla hajafika sokoni wala hajaijua bei, tunamnunulia hapo hapo kichakani. Haya Mtume s.a.w. ameyakataza waziwazi. Amekataza kuupokea msafara njiani, na katika hadithi iliyomo kwa Muslim akampa muuzaji khiyari atakapofika sokoni. Zamani waliwapokea ngamia. Leo madalali hupanda pikipiki wakaenda kuwapokea wenye mbuzi maili kadhaa nje ya mji. Kipando kimebadilika, dhambi ni ile ile.

Tunamtia mnyama wa watu aibu asizokuwa nazo, ili bei ishuke. Haya nayo yamekatazwa. Nabii Shuaib a.s. aliwakataza watu wake kuwapunguzia watu vitu vyao, na Imam Qurtubi katika tafsiri yake ameeleza kwamba kupunguza huko kunakuwa kwa kuitia aibu bidhaa na kuwafanya watu wasiitake, na kwa kuhadaa katika thamani yake. Basi mimi niliyekunja uso mbele ya kwato zilizo nzima, nilikuwa katika watu gani? Nilikuwa upande wa Nabii Shuaib, au upande wa watu wake?

Na tunaitumia shida ya mtu. Imepokewa hadithi inayokataza kumnunulia aliyedhikika, na wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake. Lakini Al-Khattabi, alipoieleza, akasema maana yake kwamba bei yenyewe inapita, ila dini na muruwa vinataka mtu kama huyo asiporwe mali yake. Asaidiwe, akopeshwe, angojewe mpaka Mungu amfungulie. Nami nauliza: sisi tunaojiita watu wa dini, muruwa wetu tunauacha wapi tunapoingia zizini? Mlangoni pamoja na viatu?

Kisha soma mwanzo wa Sura ya Al-Mutaffifin. Waliotishiwa adhabu pale ni watu ambao wakijipimia kwa wenzao hutaka kipimo kilichojaa, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Ni mtu yule yule mmoja: leo mnunuzi, kesho muuzaji. Anapouza husifu, anaponunua hutukana. Punda wake akiwa wa kuuza ni simba, na punda wa mwenzake akiwa wa kununua ni paka.

Na hadithi ya Hakim bin Hizam, ile inayowapa muuzaji na mnunuzi khiyari mpaka watengane, imeweka sharti la baraka kwa wote wawili: wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika biashara yao; wakificha na wakasema uwongo, baraka yake itafutwa. Wanafunzi wa nahau watazame: vitendo vyote pale vimekuja kwa sigha ya watu wawili. Basi nani aliyemtoa mnunuzi?

WASEMAO "BIASHARA ITAKUFA"

Wengine watasema: Tukifuata haya, hakuna atakayepata faida. Huu nao ni uwongo.

Urwa Al-Bariqi r.a. alipewa na Mtume s.a.w. dinari moja amnunulie mbuzi. Kwa ujuzi wake akanunua mbuzi wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari vyote viwili. Mtume s.a.w. hakumgombeza. Alimwombea baraka katika biashara yake, na ikawa hata lau angenunua mchanga angepata faida. Na Urwa huyu ndiye mmoja wa waliopokea hadithi ya kheri iliyo katika mapaji ya farasi, na mpokezi wa habari yake anasema aliona nyumbani kwake farasi sabini. Sabini! Kwa hivyo dini haipingi faida, wala haipingi ujuzi. Hata kupatana bei hakukukatazwa, Mtume s.a.w. mwenyewe alipatana bei na Jabir kwa ngamia wake. Lakini walipofika Madina akamlipa Jabir thamani yote, kisha akamrudishia na ngamia wake.

Kilichokatazwa ni faida inayotoka katika kutojua kwa mwenzako au katika machozi yake. Biashara haigombi, wahenga wamesema, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kusema kweli wateja hurudi kwake. Mdanganyifu kila mwezi anatafuta soko jipya ambako hajajulikana.

MKUBWA NA MDOGO

Labda wewe ni mtu mkubwa, na muuzaji wako ni mdogo. Sikiliza visa viwili vya farasi.

Cha kwanza: Mtume s.a.w. alinunua farasi kwa bedui mmoja, akamwambia amfuate akalipwe. Mtume akatangulia, bedui akawa anakokota miguu. Watu wasiojua kwamba farasi ameshanunuliwa wakaanza kumpandishia bei. Bedui akaona pesa zaidi, akakana kwamba hajamuuza, tena akadai shahidi. Akamdai shahidi Mtume wa Mwenyezi Mungu, ndani ya Madina! Je, alikamatwa? Alipigwa? Farasi alichukuliwa kwa nguvu? Hapana. Mtume s.a.w. alisimama akajadiliana naye mpaka Khuzaima bin Thabit akatoa ushahidi, si kwa kuwa alikuwapo, bali kwa kuwa anamsadiki Mtume katika habari za mbinguni, vipi asimsadiki katika farasi. Tangu siku hiyo ushahidi wa Khuzaima ukahesabiwa kuwa wa watu wawili. Kisa kimo katika Abu Daud na Nasai.

Cha pili: Sayyidna Umar r.a. alichukua farasi wa mtu kwa kumjaribu, na katika kujaribiwa farasi akaharibika. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakaenda kwa Shuraih awahukumu. Hukumu yake ilikuwa kwamba Amiri wa Waumini ama amchukue aliyemnunua, ama amrudishe kama alivyomchukua. Umar, ambaye majeshi yake yalikuwa yamezishinda Fursi na Rumi, hakukasirika. Aliikubali hukumu, kisha akampeleka Shuraih kuwa kadhi wa Kufa.

Sasa jilinganishe. Ukimchukua punda wa watu kumjaribu, ukambebesha matofali kutwa, ukamrudisha jioni na kidonda na kusema hakunipendeza, wewe mkubwa kuliko Umar?

NENO KWA MADALALI

Nawe dalali, usijifiche nyuma ya watu wawili. Katika vitabu vya hisba, kama kile cha Shayzari, dalali wa wanyama alitakiwa asiuzie mtu asiyemjua mpaka apate wa kumtambulisha, na aliandike jina la muuzaji daftarini, ili mnyama wa wizi au mwenye aibu ajulikane alikotoka. Jambo hili leo lina haja kubwa kuliko zamani. Punda wameibwa kwa wingi Afrika kwa ajili ya ngozi zao, mpaka mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku kuwachinja kwa biashara hiyo kwa muda wa miaka 15. Punda wa kijane aliyekuwa akimchotea maji aliibwa usiku, na asubuhi alipata dalali aliyefumba macho, na mnunuzi aliyeona bei rahisi asiulize. Kila mtu na macho yake, lakini wote waliyafumba!

Wala picha ya simu haikuondolei wajibu. Picha humwonyesha mbuzi upande mmoja tu, tena ule uliouchagua wewe. Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba kukiuza kitu kilicho ghaibu, kisichoonwa, hakusihi. Basi mlete mnyama, mnunuzi amwone, amshike, amtembeze.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, sitaki uifunge karatasi hii useme: Sheikh amesema vizuri. Nataka uchukue mambo matatu. Ukiuza, anza na aibu kabla ya sifa. Ukinunua, jiulize kama ungeridhika kuipokea bei hiyo lau mnyama angekuwa wako na lori lingekuwa lako. Ukipita tu, na ukajua, sema.

Na wale wenzangu wenye kupanda mimbari, nawausia kama ninavyoiusia nafsi yangu. Tumewasema wauzaji kwa sababu wao wamekaa chini juani mbele yetu. Wanunuzi hatukuwasema kwa sababu ni sisi.

Jarir r.a. alikuwa hatulii juu ya mgongo wa farasi, mpaka Mtume s.a.w. akampiga kifuani kwa mkono wake na kumwombea Mungu amthubutishe. Mungu akamthubutisha juu ya farasi, na akamthubutisha pia mahali pagumu zaidi, pale mtu anaposhika mfuko wake mkononi na mwenzake hajui thamani ya alichonacho. Tumwombe Mwenyezi Mungu atuthubutishe hapo hapo.

Na wewe mzee wa beberu mwekundu, ikiwa karatasi hii itafika kwenu na mtu akakusomea, haki yako bado ninaikiri. Nisamehe, au njoo uichukue.

Wabillahi tawfiq.